Farasi Aliyefungwa kwa Severina

Marehemu mume wangu, Liberatus Kalinga, hakuwa mlevi. Naanza na hilo kwa sababu hivi karibuni, katika harusi moja hapa Mbeya, kijana wa ukoo wetu wenyewe alishika kipaza sauti akawachekesha wageni kwa kisa cha babu aliyekuwa akinywa pombe ya ulanzi pamoja na farasi wake hadi wote wawili wakashindwa kwenda nyumbani. Watu walicheka sana. Mimi nilikuwa nimeketi meza ya mbele na sikucheka. Wakati wa chakula bibi mmoja aliniinamia akaniuliza, kwa sauti ya huruma, kama ni kweli pia kwamba kuna mtoto aliyekufa kwa sababu ya ulevi huo.

Basi nimeketi kuandika. Nimefundisha watoto wa watu kuandika karibu maisha yangu yote, wala sioni sababu ya kuwaachia wengine kazi hii.

Liberatus alikuwa dresa. Siku hizi neno hilo limekwisha midomoni mwa watu, lakini miaka ile ya hamsini, katika vijiji vya Mufindi, dresa ndiye aliyefunga majeraha, aliyechoma sindano, na aliyeitwa pale mkunga wa kijiji aliposhindwa. Kazi hiyo alianza kujifunza jeshini wakati wa vita, akaimalizia katika hospitali ya misheni. Watu walimwita Dakta. Yeye alikuwa akiwasahihisha kila mara, nao walikuwa wakimwitikia, "Sawa, Dakta." Alikuwa mrefu, mpole, na mikono yake ilikuwa mikubwa kiasi kwamba mtoto mchanga alitosha ndani ya mmoja. Alikuwa Mhehe na Mkatoliki. Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu, nimesomeshwa na Wamoraviani hadi cheti cha ualimu, jina langu Tusajigwe. Ndoa yetu iliwasumbua watu wa pande zote mbili kwa muda, kisha wakapata mambo mengine ya kusumbukia.

Tuliishi karibu na Mafinga, katika nyumba iliyo kando ya shule niliyofundisha, si mbali na barabara kuu. Huko ndiko tulikompata Dezi. Mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa na shamba upande wa Sao Hill alifiwa na mumewe, akaamua kurudi kwao. Liberatus alikuwa amewatibu wafanyakazi wake miaka mingi. Siku ya kuaga alikuja mwenyewe kwa miguu akimvuta farasi jike wa rangi ya kahawia, akamkabidhi kamba, akasema anataka mnyama yule abaki kwa mtu asiyejua kupiga.

Nyumbani Dezi alifungwa kwenye mlingoti mkubwa, yaani mti wa mkaratusi, chini ya dirisha la darasa langu. Alisimama pale kutwa nzima wanafunzi wakiimba majedwali ya kuzidisha, akitikisa masikio tu. Wageni wa shule walimsifu kuliko walivyosifu madaftari. Hakuna kati yetu aliyefikiri kujiuliza kama angesimama vivyo hivyo mahali pengine.

Sasa nitaeleza siku yenyewe, maana ndiyo inayosimuliwa vibaya.

Damari, mke wa Anania, alikuwa na mimba ya kwanza. Kwao ni juu mlimani, ng'ambo ya Mto Ruaha Mdogo. Wakati wa mvua za masika Anania alikuja mbio kumwita Liberatus, naye akapanda farasi, mkoba wa dawa na vyombo akiwa ameufunga nyuma ya tandiko. Alipofika alifanya kile ambacho kila mtu aliyelelewa vizuri katika nchi ile angefanya. Wazee wa kule hawakupenda mgeni aingie uwanjani na mzigo kama mtoza kodi. Unaacha vitu vyako pembeni, unakwenda mikono mitupu, unasema "Kamwene", unaulizwa habari za ulikotoka na watu wako, unajibu zote, ndipo unapokaribishwa kuchukua mzigo. Hata kama wewe ni dresa. Hata kama ndani kuna mtu mwenye uchungu. Akamfunga Dezi pembeni, akaacha mkoba mahali pake, akaenda kumwamkia mama mkwe wa Damari.

Pembeni palikuwa na milanzi, ile mianzi inayotoa pombe. Msimu ulikuwa wenyewe, na kila mche ulikuwa umekatwa ncha na kuning'inizwa mbeta, kikombe cha mwanzi kinachokinga utomvu. Liberatus alifunga kamba kwenye shina lililo hai. Uwanja ulikuwa kimya, kwa kuwa watu walikuwa wamenyamaza kwa ajili ya mgonjwa. Dezi akavuta. Mwanzi ukainama kumfuata, akashtuka akavuta zaidi, na alipolegeza ukaruka nyuma kwa nguvu huku mbeta zikigongana na kumwagika mgongoni mwake. Kamba ikakatika. Liberatus alitoka akikimbia akaona mkia tu, na mkoba ukirukaruka kuelekea mtoni.

Alirudi ndani na mikono yake tu. Damari alipona. Mtoto hakulia.

Daktari wa Iringa alimwambia baadaye kwamba huenda vyombo visingesaidia kitu. Liberatus alimshukuru. Lakini lile neno "huenda" alilibeba, na mimi niliyelala ubavuni mwake najua uzito wake.

Mimi nilikuwa darasani wanafunzi waliponyanyuka wote kwa pamoja. "Mwalimu, Dezi amerudi peke yake!" Alikuwa amesimama chini ya mlingoti wake, anatetemeka, tandiko limepinda, ananuka ulanzi kuanzia mgongoni hadi kwato. Wanawake waliokuwa wakitoka kuteka maji walisimama, wakavuta pua. Mmoja akasema, "Ee! Leo Dakta kaangukia penye utamu." Huo ndio mzizi wa kisa chote cha babu mlevi. Mbeta zilizomwagika, na mdomo wa mwanamke mmoja mwenye ndoo kichwani.

Niliwaruhusu wanafunzi waende makwao, nikavaa koti la mvua, nikamshika Dezi kamba, nikafuata njia ya mlimani. Nilikutana na Liberatus kwenye kivuko. Alikuwa ng'ambo, anakuja kwa miguu, mikono ya shati imekunjwa.

"Mkoba huu hapa," nilimwambia.

"Umechelewa, mama Edmund," alisema. Hakuwa mkali. Kisha akamshika Dezi shingoni akamkagua miguu mmoja baada ya mwingine, kana kwamba ni mgonjwa wake, ndipo tukarudi.

Tangu siku ile mkoba haukufungwa tena kwenye tandiko. Aliuvaa begani, wazee wapende wasipende. Lakini hilo halikumaliza jambo, kwa sababu baada ya muda Anania alikuja tena kwetu, kofia mkononi.

"Dakta, mke wangu ni mjamzito."

"Tumshukuru Mungu, ndugu yangu."

"Tunamshukuru. Mama anasema hataki akajifungulie kwa watu asiowajua. Anakutaka wewe." Akaizungusha kofia. "Lakini safari hii, Dakta, usifike nusu."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana ilimwingia mume wangu mpaka ndani.

Daktari wa Iringa aliposikia, alitoa agizo moja. Mtoto akishazaliwa, na damu ikitoka nyingi, Liberatus aizuie awezavyo kisha amshushe mama mara moja hadi barabara kuu, apate lori la mbao limpeleke hospitali. Wanaume wa kumbeba kwa machela walikuwa hawapo, wengi wamekwenda kwenye kazi za chai. Farasi angeweza kumbeba. Lakini ingebidi farasi awe bado yupo pale alipofungwa, hata baada ya saa nyingi, wala asiwe njiani kuja kusikiliza majedwali ya kuzidisha.

Liberatus akaanza kumfundisha Dezi upya kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Dereva mmoja wa malori alimpa mpira wa ndani wa tairi uliopasuka. Aliuzungushia kwenye nguzo nene isiyotikisika, juu, usawa wa mabega ya mnyama, na kamba akaifunga kwenye mpira. Dezi akivuta, mpira unavutika naye, kisha unamrudisha polepole, haukatiki wala haumrukii. Kamba aliiacha fupi ili asiweze kuingiza mguu, na fundo lilikuwa lile linalofunguka kwa mvuto mmoja, kama kuna hatari. Hatamu yenye chuma cha mdomoni aliivua kwanza. "Akishtuka na chuma mdomoni atajiumiza," alisema, "na mtu aliyeumizwa na shule harudi shuleni." Na jambo moja alilishika kuliko yote: hakumfungua kamwe akiwa anaparua ardhi. Alingoja atulie, hata mvua ikinyesha, ndipo akamfungua na kumsifu.

Hayo aliyafanya nyumbani. Kisha akatafuta mahali pa ugenini. Aliamini kwamba kilichomtisha Dezi ni kelele za ile mianzi, kwa hiyo akachagua mahali penye kelele kuliko pote, na hapo ndipo Severina anapoingia.

Severina alikuwa binti wa baba mdogo wa Liberatus. Kwangu alikuwa wifi, na waliosema vingine juu yake na mume wangu hawakujua ukoo wetu au walijua wakajifanya. Alikuwa akiuza ulanzi kando ya njia panda. Jumamosi watu walijaa pale, wakiimba na kubishana. Liberatus alichimbia nguzo yake mbele ya mlango wa Severina, akafunga mpira, akafunga farasi, akaketi kwenye kigogo na kikombe cha chai.

Nilipata habari hata kabla chai haijapoa. "Mwalimu," mama mmoja aliniambia nje ya kanisa, "mke mwenzio tumemwona kwa Severina."

"Yule mwenye miguu minne?" nilimuuliza. "Nitamletea majani. Wewe utampelekea nini?"

Jumamosi iliyofuata nilivaa gauni langu la kijani la mikutano ya walimu, nikachukua sufi na sindano zangu za kufumia, nikaenda kuketi kwenye kigogo kile kile, mbele ya macho ya watu wote. Severina alitoka akajishika kiuno.

"Jamani! Wifi yangu wa Kimoravia leo kaja kilabuni! Nikuletee kubwa au ndogo?"

"Niletee maji, wifi."

"Maji hayauzwi hapa."

"Basi niletee ya bure."

Akacheka hadi akaegemea mlango. Mlevi mmoja alikuja akamzunguka Dezi, aliyekuwa amesimama na mdomo wa chini umelegea, macho nusu. "Dakta, huyu kanywa ngapi?"

"Hajanywa."

"Hajanywa, na amelala hivi? Basi mimi nimekuwa nikitupa hela yangu bure."

Ndivyo ilivyokuwa kila Jumamosi. Dezi alisimama pale bila wasiwasi, watu wakiimba, wakigombana, wengine wakianguka karibu na miguu yake. Liberatus alifurahi. Akasema mwanafunzi amefaulu. Akamchukua kwenda kumtazama mzee mmoja mwenye kidonda, aliyeishi peke yake pembeni mwa msitu.

Alirudi amechoka kuliko mzee mwenyewe. Mpira ulishika, fundo lilishika, lakini Dezi alikuwa amechimba shimo la kufika magotini, ametoa jasho kifuani, na amelia muda wote akigeuza kichwa upande wa kwetu.

"Kwa walevi anasinzia," Liberatus alisema, akiwa ameketi jikoni na viatu vyenye matope. "Kwa mzee mpole analia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Sielewi."

"Kwa mzee kulikuwa na nani?"

"Hakuna mtu. Palikuwa kimya tu."

Tukatazamana. Kutoka pale jikoni tuliweza kuuona mlingoti, na dirisha la darasa, na watoto waliokuwa bado wanafukuzana uwanjani. Mnyama yule alikuwa ameishi ndani ya kelele zangu. Kelele kwake ndiyo ilikuwa nyumbani. Kule kwa Damari, kilichomtisha kwanza kilikuwa ni ule uwanja mtulivu, na milanzi ikaja baadaye. Nasi Jumamosi zote zile tulikuwa tukimfundisha kile alichokuwa anakijua.

Liberatus alifunika uso kwa mikono. Nilidhani analia, kumbe anacheka. "Mama Edmund," alisema, "tumemsomesha farasi kilabuni bure."

Tulianza upya, safari hii mahali pasipo na mtu. Juu ya shule yetu palikuwa na kanisa dogo lililoachwa, bati limetolewa, kuta zimebaki, na nguzo ya kengele bado imara. Hapo hapasikiki kitu isipokuwa upepo kwenye miti ya misindano. Nikimaliza kazi ya shule, watoto wetu wakiwa kwa jirani, tulipanda wote watatu. Mwanzo nilisimama karibu na kichwa cha Dezi nikimwimbia majedwali taratibu. Kisha nikayasema kwa kunong'ona. Kisha nikanyamaza, nikabaki nimesimama tu. Siku nyingine nikaketi mbali kidogo na ufumaji wangu. Alipoparua hatukumkaripia wala hatukumkimbilia. Alipotulia, Liberatus alikwenda akamkuna chini ya nywele za shingo, akamfungua.

Mwishowe ikabidi tusionekane kabisa. Tuliketi nyuma ya ukuta wa kanisa, mimi na yeye, begani kwa bega, tukisikiliza kwato. Hatukuweza kuzungumza kwa sauti, maana Dezi angesikia na kutulia kwa sababu yetu. Ilibidi tuzungumze mdomo kwa sikio, kama wachumba wanaojificha. Tulikuwa tumeoana muda mrefu, nyumba imejaa watoto, wagonjwa, na wageni wa ukoo, na sikumbuki tulikuwa tumewahi kuketi hivyo. Ni huko, nyuma ya ukuta ule, ambako mume wangu hatimaye alizungumza juu ya mtoto asiyelia.

Naam, watu walituona pia huko. Wakasema Dakta na Mwalimu wanakwenda kufanya mambo magofuni. Nilipoambiwa, nilisema ndiyo, tunakwenda.

Siku ya Damari ilifika asubuhi, baada ya mvua kubwa. Liberatus aliuvaa mkoba begani na mpira wa tairi shingoni kama shada la maua, akapanda. Mimi niliingia darasani. Niligeuza meza yangu ili niione njia inayoshuka kutoka kivukoni, na nikawapa wanafunzi kazi ya kuandika kimya, ambayo iliwashangaza.

Kutwa nzima niliitazama njia ile. Kama Dezi angetokea peke yake, ningejua. Sijawahi kuomba hivyo ili nisione kitu. Ng'ombe walipita. Katekista alipita akiisukuma baiskeli yake. Kengele ya mapumziko ililia, na njia ilikuwa tupu. Wanafunzi walikwenda kula, wakarudi, na njia ilikuwa tupu, nami nilianza kuipenda ile njia tupu jinsi ilivyokuwa, na matope yake, na madimbwi yanayong'aa.

Jua lilikuwa limeinama, ingawa bado lipo, nilipowaona. Mbele alikuwa Liberatus kwa miguu, ameshika kamba. Juu ya Dezi ameketi Damari, amefungwa blanketi, uso mweupe kama majivu, Anania amemshika upande mmoja. Nyuma yao alikuja yule mama mkwe, akitembea haraka kuliko umri wake, na kifurushi kifuani. Wanafunzi wote walikuwa dirishani wala sikuwakemea, kwa sababu kifurushi kile kilikuwa kinalia. Kililia kwa hasira, bila kupumzika, tangu mtoni hadi barabarani.

Damu ilikuwa imetoka, kama daktari alivyohofia. Liberatus aliizuia, kisha akatoka nje ya nyumba kumwangalia farasi, huku, aliniambia, akiogopa kuinua macho. Dezi alikuwa amesimama kwenye nguzo ya zizi, katika uwanja mkimya, ametulia, mguu mmoja wa nyuma umelegezwa. Ardhi chini ya kwato zake haikuwa imeparuliwa.

Lori la mbao lilisimama. Damari alipelekwa Iringa, akapona, akarudi. Yule mtoto ni Esta binti Anania, mama mzima sasa, anaishi Mafinga, na alisimama mbele kabisa siku tulipomzika Liberatus. Kijana aliyeshika kipaza sauti anaweza kwenda kumuuliza.

Lori lilipoondoka, mimi na Liberatus tulibaki kando ya barabara na Dezi. Alikuwa ameweka paji la uso kwenye shingo ya mnyama, na kwa mkono mmoja alikuwa amenishika mimi. Akasema jambo, mdomo kwa sikio, kama tulivyozoea nyuma ya ukuta.

Watoto wangu wamenitaka niliandike. Wajukuu wamenibembeleza. Siliandiki. Nilitaka mjue kwamba mume wangu hakuwa mlevi, na farasi wake alifungwa kwa Severina kwa sababu ipi, nanyi sasa mnajua. Yaliyosemwa pale barabarani aliambiwa mke wake. Simwambii mtu mwingine, na asiniulize mtu.